Firigisi Yangu Lazima Ifike Kinshasa

Jumatatu, tarehe 1 Julai 2024

Nimehukumiwa! Juzi Jumamosi, na baraza la wazee wa Wamaza, kwa wakwe zangu, mbele ya watu zaidi ya arobaini na mbuzi mmoja aliyeingia katikati ya utetezi wangu. Naandika kila kitu kwa utaratibu, wakati hasira bado ni mpya.

Mambo yalikuwa hivi. Siku ya pili ya Idi nilikwenda Wamaza na mke wangu Mwanvua kuwaamkia wazazi wake. Wakanichinjia kuku. Huku kwetu hata mtoto anajua: kuku akichinjwa kwa ajili ya mkwe, firigisi inawekwa nzima juu ya sahani yake. Hiyo ndiyo heshima. Nyama nyingine ni nyama tu. Sahani ikaja. Mapaja, shingo, mabawa, hata miguu. Firigisi hakuna! Nikafunua chungu. Nikahesabu vipande. Kumi na kimoja. Kando yangu alikaa Amuri, mdogo wake Mwanvua, anatafuna. Nikasimama, nikamnyooshea kidole.

Baraza likasema hivi: aliyekula firigisi hakuonekana na mtu, lakini mkwe aliyefunua chungu cha wakwe zake na kuhesabu nyama alionekana na wote. Kosa ni langu. Nipeleke kuku hai kwa baba mkwe, mzee Faradji, nimuombe radhi. Mpaka siku hiyo Mwanvua anabaki kwao.

Sipeleki. Nakata rufaa. Tena si rufaa ya hapa karibu. Nakwenda moja kwa moja kwenye mahakama ya juu kabisa ya nchi, Kinshasa, ile wanayoiita Kasasio. Nina kibanda cha fotokopi sokoni Kasongo. Nina mashine, karatasi, jenereta na diploma ya sekondari. Wangapi wameanza kesi wakiwa na vifaa hivi?

Nimefungua daftari jipya. Jalada: BULAIMU DHIDI YA AMURI. Sababu za rufaa ziko saba. Ya tatu na ya sita zinafanana, lakini saba ni hesabu nzuri.

Chakula cha mchana: mkate na chai. Cha jioni: chai.

Jumanne, tarehe 2 Julai

Asubuhi mahakamani. Nimevaa koti. Karani ni Madame Chimène, mama mpole anayeandika polepole na kusoma haraka. Nimemweleza kwamba naomba ruhusa ya pekee ya kufika Kasasio bila kupita mahakama za katikati.

Kaniambia kwamba mahakama zinapandwa moja baada ya nyingine, kama ngazi. Nikamwambia najua, ndiyo maana ninaomba ruhusa ya kuruka. Kaniuliza kesi ni ya nini. Shamba? Urithi? Nikasema firigisi. Akaweka kalamu chini. Akauliza ni firigisi ngapi. Nikasema moja, lakini kuna msingi wa sheria ndani yake.

Akatazama nje ya dirisha muda mrefu. Nadhani alikuwa anakumbuka vifungu.

Mwisho kasema Kinshasa hakuna mtu anayesoma barua ya namna hiyo bila nakala ya hukumu, yenye sahihi na muhuri. Nilete kwanza nakala hiyo. Hakusema hapana! Nimemsikiliza vizuri sana. Hakusema hapana.

Nakala inatoka kwa sekretere wa baraza la Wamaza, Pitchou. Nimemwandikia barua ya kurasa mbili. Nimetoa fotokopi tano.

Alhamisi, tarehe 4 Julai

Tatizo dogo. Pikipiki iliyokuwa inakwenda Wamaza jana ni moja tu, na mwenye pikipiki hiyo ni Amuri. Kazi yake ni kupakia watu na mizigo njia ya Kabambare. Nimelazimika kumkabidhi mshitakiwa barua inayomshitaki. Nilifunga bahasha kwa gundi na uzi.

Karudi leo saa tisa. Kasema barua imefika. Kasema pia kwamba ukurasa wa pili sikuweka tarehe, akaniwekea yeye, na kwamba pale nilipomwita "mlafi aliyezoea" ameona ni vizuri lakini herufi hazisomeki.

Kaleta ujumbe wa Mwanvua. Nilimwomba autoe kwa maneno ya dada yake mwenyewe, bila kuongeza. Kasimama wima kibandani kama mwanafunzi.

"Dada anasema hivi: Baba Aicha, mimi sina kesi na mutu. Ukileta kuku mbele ya siku ya kwanza, nitarudi nawe. Usipoleta, siku ya kwanza naingia na mama kufyeka shamba la mupunga."

Nimekaa chini. Mtu asiyejua kilimo hataelewa. Siku ya kwanza ni Jumatatu. Mwanamke akifyeka shamba la mpunga kwa baba yake, atalipanda. Akilipanda, atalinda ndege. Akilinda ndege, atavuna. Hiyo ni Januari! Binti yetu Aicha ameolewa Kindu, nyumbani niko peke yangu, na sombe ya majani ya muhogo niliyojaribu kupika jana nimewapa bata wa jirani. Bata wakaiacha.

Lakini haki ni haki. Nimemwambia Amuri sina jibu kwa sasa. Kanikumbusha kwamba nina siku tatu, halafu akachukua kalamu yangu ya buluu akaenda nayo. Nimeandika pembeni: kalamu.

Ijumaa, tarehe 5 Julai

Pitchou amepiga simu. Alikuwa juu ya kilima, kule mtandao unakoshika, na upepo ulikuwa unakula nusu ya maneno.

Kasema hawezi kunipa nakala, kwa sababu hukumu bado haijaandikwa kitabuni. Nikauliza itaandikwa lini. Kasema kuku akifika. Utaratibu wake ni huo: haandiki hukumu ya kuku kabla ya kumwona kuku. Mwaka jana aliandika kuku, mtu akaleta bata, akalazimika kufuta, ukurasa ukachafuka na shefu wa Wamaza akamgombeza. Tangu siku hiyo, kuku kwanza, wino baadaye.

Maana yake: ili nipinge hukumu ya kupeleka kuku, lazima nipeleke kuku!

Nimekwenda msikitini, nimeswali, lakini kichwa kilikuwa Wamaza. Wakati wa kuvaa viatu nje nikapata jibu. Nitapeleka kuku, lakini si kwa kutii. Nitampeleka kwa ajili ya kupata muhuri. Kuku huyu si kuku wa radhi, ni kuku wa utaratibu. Na nikiomba radhi nitasema kwa sauti, "Nisamehe, baba," halafu kwa sauti ya chini, "bila kupoteza haki zangu." Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Inakwenda vizuri ukikohoa katikati.

Nimemchagua kuku sokoni. Jike, mwekundu, mwenye macho ya ukali. Mwanvua angempenda. Hilo halihusiani na kesi.

Jumamosi, tarehe 6 Julai

Safari. Pikipiki: ya Amuri, tena. Nilimwomba atie sahihi karatasi ya kuthibitisha kwamba kuku ameondoka Kasongo akiwa mzima. Katia sahihi kwa kalamu yangu ya buluu.

Njia ni kavu, vumbi hadi masikioni. Kuku kafungwa mbele kwenye usukani, mimi nyuma na daftari kifuani. Kila kilima Amuri alikuwa ananieleza nani anakaa pale na aliwahi kugombana na nani kwa jambo gani. Wote walipatana, kasema. Mlalamikaji hazungumzi na mshitakiwa, isipokuwa kwenye matope ya mto mdogo, nilipomwambia apunguze mwendo, akapunguza, tukaanguka.

Tulisimama kunywa chai kwa mama mmoja kando ya njia. Kuku tulimweka chini ya benchi. Akataga! Yai zuri, la moto bado. Amuri kasema yai ni lake kwa sababu safari ni yake. Nikamwambia kuku ni wangu, kwa hiyo yai ni langu. Kasema kuku amekwisha kuwa wa baba yake tangu siku ya hukumu, kwa hiyo hakuna aliye na yai kati yetu. Nimefikiri kilomita kumi. Anaweza kuwa na hoja. Nimebeba yai ndani ya kofia hadi Wamaza.

Mwanvua alikuwa uani anachambua mchele. Kanitazama, katazama kuku, katazama kofia. Alinisugua vumbi la shingoni kwa kanga yake, kwa nguvu kidogo, akarudi kwenye mchele.

Jumapili, tarehe 7 Julai

Nitaandika polepole, maana siku ilikuwa ndefu.

Asubuhi barazani kwa mzee Faradji. Wazee watano, mama mkwe mlangoni, Pitchou na kitabu chake, muhuri ndani ya kitambaa. Nikapiga goti, nikatoa kuku kwa mikono miwili. Yai pia. Nikasema, "Nisamehe, baba." Nikakohoa. Mama mkwe akadhani nimekabwa na vumbi, akaniletea maji, na haki zangu zikamezwa pamoja nayo.

Mzee Faradji kaniinua mwenyewe. Kasema yamekwisha. Kamtazama kuku machoni, kasema kuku wa namna hii hafugwi, anapikwa leo, tule pamoja na mukwe.

Saa saba sahani ikaja. Mama mkwe kaibeba mwenyewe, mbele ya wote. Juu ya wali, katikati, peke yake, inang'aa mawese: firigisi! Nzima. Kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Watu wote wanangoja nile.

Mkono ulikuwa umekwisha kunyooka. Ndipo nikakumbuka Kasasio. Nikiila, watasema nimekwisha kulipwa! Hakuna mahakama inayomsikiliza mtu aliyeshiba kitu anachokidai. Nikarudisha mkono. Nikamwomba Pitchou aifunge firigisi ndani ya jani la mgomba, atie muhuri juu ya jani, iwe kielelezo cha kesi.

Pitchou kauliza muhuri ukikaa juu ya jani si utafutika. Nikasema tutatoa fotokopi.

"Mukwe," kasema mzee Faradji taratibu, "kula."

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba siwezi, kwamba ni jambo la utaratibu. Nilikuwa kwenye sababu ya nne kati ya saba Amuri aliponyoosha mkono.

"Shemeji, acha nikuondolee shida hii."

Akaila. Mbele ya wazee watano! Mimi nikasimama kumnyooshea kidole, kidole kilekile, na wote wakaanza kucheka. Mama mkwe alikaa chini kabisa. Mzee Faradji alijifuta macho kwa ncha ya kanzu. Mwanvua nilimsikia jikoni, yeye akicheka anapiga sufuria.

Pitchou kaandika kitabuni na kunipa nakala, yenye sahihi na muhuri mzuri wa mviringo. Inasema: Kuku kafika. Kuku kaliwa. Wote wameshiba. Kesi imekwisha.

Nina nakala! Nitazingatia muhuri zaidi kuliko maneno.

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Siku ya kwanza, na Mwanvua hakwenda kufyeka. Alipanda pikipiki. Tulikuwa watatu: Amuri mbele, mimi katikati, Mwanvua nyuma na mzigo wa mchele kichwani. Nilijaribu kutofurahi, sikuweza.

Pale kwa mama wa chai tukapumzika. Mwanvua kasema kuna neno anataka nilisikie kabla hatujafika Kasongo. Kanipa kikombe kwanza.

"Baba Aicha, firigisi ile ya Idi, niliikula mimi."

Nikamwambia arudie.

"Nilikuwa naangalia chumvi. Nikaonja kidogo. Ikawa ngumu, nikaonja tena nione kama imeiva. Ilipoiva, ilikuwa imekwisha. Mbele nitoke jikoni kukuambia, wewe umesimama juu ya mutoto wa watu na kidole."

Nikauliza kwa nini hakusema barazani. Kasema Amuri alimkataza. Amuri alimwambia aache, mutu akijua dada anakula firigisi ya mukwe atachekwa Wamaza yote, yeye Amuri amezoea kusingiziwa, ataubeba mzigo huo kama anavyobeba mingine.

Nikamgeukia Amuri. Alikuwa anachezea usukani, anatazama miti. Siku zote hizi! Kabeba barua yangu, katia tarehe, kakubali "mlafi aliyezoea", na alikuwa anajua.

Nimemwambia abaki na kalamu ya buluu. Kashukuru. Kasema ilikuwa imekwisha wino tangu Jumamosi.

Alhamisi, tarehe 11 Julai

Nyumba ina harufu ya nyumba. Sombe jana, samaki wa Nyangwe juzi. Nimeongezeka uzito. Kibandani nimemtolea Amuri fotokopi ya karatasi zote za pikipiki, bila yeye kuomba.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini leo asubuhi nimevaa koti.

Madame Chimène aliponiona kafurahi, kasema amesikia kwamba mama Aicha amerudi, pole na hongera. Nikamshukuru. Nikamwonyesha nakala yenye muhuri. Kasema ni nakala nzuri, niiweke kwenye fremu. Nikamuuliza kama kwenye ombi la ruhusa ya pekee inakubaliwa kubadilisha jina la mshitakiwa, maana ushahidi mpya umepatikana.

Kaweka kalamu chini tena. Nilipomtajia jina jipya kaufunika uso kwa jalada la faili, mabega yanatikisika. Baadaye kasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba sheria ni ileile kwa kila mtu: barua ya mashitaka lazima mshitakiwa apewe mkononi, atie sahihi, ndipo tuzungumze.

Hakusema hapana!

Nimerudi nyumbani, nimeandika upya. Jalada: BULAIMU DHIDI YA MWANVUA. Kosa: kuonja kupita kiasi. Shahidi: Amuri, ambaye amekubali kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayetupakia. Makazi ya mlalamikaji: Kasongo, nyuma ya soko. Makazi ya mshitakiwa: nyumba hiyohiyo, chumba hichohicho.

Fotokopi tano. Barua iko tayari mfukoni. Nilitaka kumpa saa hii, lakini jikoni anapika kuku, na ameuliza kwa sauti nataka firigisi ikaangwe au ichemshwe.

Nitampa baada ya kula.