Siku Mshauri wa Wasafiri Alipovuka Barabara

Njoni, enyi mlioketi nanyi mliosimama, nyamazisheni simu zenu, mpate kusikia habari za mtu aliyevuka barabara!

Alikuwa Mshauri wa Wasafiri, mwenye kalamu isiyotetemeka, Simba wa Ghorofa ya Tatu, ambaye kwa miezi mingi aliwafundisha walimwengu jinsi ya kuutembelea mji ule uliojeruhiwa na vita, naye mwenyewe hajauona ila kwa dirisha la hoteli. "Msitoke bila dereva," aliamuru. "Msipige picha kwenye kizuizi cha askari. Acheni nakala ya pasipoti kwa ndugu." Maneno mema yote, na yote aliyaandika akiwa na soksi miguuni.

Hata asubuhi moja jiko la hoteli likaishiwa gesi, na njaa, adui asiyeogopa mlango wa chuma, ikamzingira shujaa. Ng'ambo ya barabara moshi wa tanuri la mikate ulikuwa ukipanda.

Akavaa fulana ya kuzuia risasi, akajifunga kofia ya chuma, akampigia simu mkewe kwa sauti ya mtu anayeusia. "Mama watoto, lolote likitokea, jueni niliwapenda."

"Kwani unakwenda wapi?"

"Kununua mkate."

Mkewe akakata simu.

Naam, akashuka, tumbo likinguruma kama mzinga! Kizuizini, askari aliyeketi juu ya gunia la mchanga akamwinulia macho. Shujaa akanyoosha mikono juu, akapaza sauti: "Ewe mlinzi wa njia! Mimi ni raia, sina silaha, naja kwa amani!"

"Sawa, mzee. Ukirudi niletee na mimi mkate mmoja."

Muuza mikate, mama mwenye unga hadi kwenye nyusi, alimtazama kutoka kofia hadi viatu. "Baba, umekuja kununua mkate au kukomboa mji?"

"Mkate, mama. Mimi ndiye niandikaye ushauri wa wasafiri."

Mama akaacha kukanda. "Kumbe ni wewe! Wewe ndiye uliyeandika kwamba upande huu asikanyage mtu? Vita vilibomoa ukuta wangu, nikaujenga tena. Wateja uliowafukuza wewe nitawajenga kwa tofali gani? Ulipoandika, ulikuwa umefika hapa?"

Shujaa akainamisha kofia yake ya chuma. Haya ikapenya fulana ambayo risasi haipenyi. "Sikuwa nimefika, mama."

"Basi kaandike umefika."

Akarudi na mikate miwili, mmoja akampa askari. Akapanda, akaketi, akafuta agizo lake la kale, akaandika: "Barabara inavukika mchana. Mkate ni wa moto." Kisha, kwa kuwa majivuno hayana likizo, akaongeza: "Nimeivuka mimi mwenyewe."

Kesho yake wauguzi wawili wageni wakaivuka wamevaa ndala, wakibishana juu ya filamu, wakamnunulia mama mikate ya wodi nzima. Lakini na iandikwe, vizazi visome: wa kwanza kuivuka kwa kofia ya chuma alikuwa yeye.