Nguzo ya Safu ya Pili

Jumanne, 3 Septemba 2024

Mgongo umeamka kabla yangu. Kawaida yake, mwaka wa sita huu.

Kliniki Ganjoni. Ndinda, binti wa mazoezi ya viungo, kanipa kadi. Kila siku niandike maumivu kwa nambari, sifuri hadi kumi. Kasema maumivu haya hayaondoki, kazi ni kujifunza kuishi nayo. Nishone nusu saa, nisimame, ninyooke. Na msikitini niswali kitini, si dhambi.

Kiti! Mimi Mung'aro, fundi wa kanzu Mji wa Kale miaka thelathini, nikae wenzangu wakisujudu?

Ukweli ni nane. Nimeandika mbili. Akiona nane atanikataza cherehani, na bila cherehani sijijui mimi ni nani. Hilo ndilo ninaloliogopa, si maumivu.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimepata hila. Safu ya pili ina nguzo. Ukiswali kando yake unaishika kidogo wakati wa kuinuka, na hakuna anayegundua. Adhuhuri imefaulu. Alasiri imefaulu.

Mke wangu Mbeyu kauliza mbona leo nawahi msikitini hivyo. Nikamjibu ni uchamungu. Kanitazama, kisha akainama akanivisha makubadhi. Nimeona haya. Mbili.

Ijumaa, 6 Septemba

Nguzo imetekwa! Na nani? Ubaid, mshona kofia ambaye duka lake linatazamana na langu. Mtu ambaye khutba humkuta bado nyumbani! Leo kanitangulia. Kijicho hadi kwenye nguzo.

Nikaswali katikati ya safu. Sijda ya mwisho sikuinuka. Imamu akatoa salamu, watu wakatoa salamu, mimi paji la uso bado liko zuliani. Wakadhani naomba dua. Mzee mmoja akasema mashaallah. Nililia pale chini, kimya, na sikuwa naomba chochote ila kuinuka.

Mkono ukanishika kwapani ukaniinua. Mkono wa Ubaid. Nimemchukia zaidi. Ukweli ni tisa. Nimeandika mbili.

Jumapili, 8 Septemba

Nimekwenda saa nzima kabla ya adhuhuri. Ubaid yuko nguzoni! Kasema anasoma Kurani. Msahafu umefungwa.

Nikajibana upande wa pili. Wakati wa kuinuka tukaishika nguzo pamoja, kiganja chake juu ya changu. Ananiigiza! Anacheka ulemavu wangu ndani ya nyumba ya Mungu! Nje nimemtolea maneno. Nimemwita mwizi wa nguzo. Kajibu nguzo ni ya waumini wote, akaondoka polepole ameshika ukuta. Maringo tu. Mbili.

Jumanne, 10 Septemba

Kliniki. Kwenye benchi kakaa nani? Ubaid, kadi mkononi.

Magoti. Miaka minne. Nilichungulia kadi yake: moja, moja, moja, moja. Naye akachungulia yangu. Tukacheka hadi mgongo ukanikaba, naye akashika magoti. Kisha kicheko kikaisha. Akaniambia tangu mkewe afariki hana wa kumvuta mkono alfajiri atoke kitandani. Siku nyingine hukaa pale ukingoni hadi jua litoke. Miaka yote tunatazamana dukani, sikujua. Imeniuma, na si mgongoni.

Ndinda kasoma kadi yangu, akafurahi. Kasema wa mbili hahitaji miadi ya kila wiki, nafasi yangu apewe anayeumwa kweli. Nirudi baada ya miezi mitatu. Nikafungua mdomo. Nikasema ahsante, binti yangu.

Ubaid naye kaambiwa vivyo hivyo. Tumeshuka ngazi tumeshikana mikono mithili ya maharusi.

Jumatano, 11 Septemba

Tumeapa mimi na Ubaid. Kesho turudi kwa Ndinda tuseme kweli. Ijumaa tukae vitini, bega kwa bega, anayetaka kutazama atazame. Tumepeana mikono. Nilijisikia mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani.

Baada ya alasiri nikavuka kumsalimu. Kadi yake iko juu ya meza, ya leo keshaijaza. Moja!

Anajidai! Basi nimerudi dukani nikaijaza yangu: sifuri.

Kalamu imeniponyoka, iko chini ya cherehani. Haya naandika kwa chaki ya kuchorea vitambaa. Nangoja Mbeyu aje aniokotee.