Springi za Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Ukungu tangu asubuhi. Njombe nzima imevaa sweta. Mimi mbili.

Simu kutoka Tandala. Mama mkwe, aliyeanguka shambani akaumia nyonga, sasa anatembea kwa fimbo na ameruhusiwa kusafiri. Tukamchukue Jumamosi. Atakaa kwa binti yake mmoja mpaka nyonga ikae sawa. Binti yupi? Hapo ndipo penye kazi. Kuna mke wangu Kristina, hapa Njombe. Kuna mdogo wake Oktavia, kule Mahongole, Makambako, mke wa Aron muuza mbao. Mama amesema atapanda gari lisilomuumiza, na atakaa kwa mwenye gari hilo.

Nikiri hapa kwa siri: mama mkwe hajawahi kulala kwangu. Mwaka juzi nilimpakia vizuri kabisa. Katikati ya safari akaomba kushuka ajinyooshe. Akapungia basi mkono, likasimama, akapanda. Nasikia abiria walimpa pole.

Gari lenyewe halina ubaya. Ni la juu, lina nafasi, linanipeleka dukani kwangu Makambako kila siku na kunirudisha. Tatizo shokapu zimechoka. Likivuka tuta linaendelea kuinama na kuinuka mpaka tuta linalofuata, kama mzee wa kanisa anayesinzia kwenye mahubiri. Mimi ni mzee wa kanisa. Naujua mwendo huo.

Kristina amepaka rangi chumba cha wageni. Rangi ya maziwa. Amepaka mwenyewe, jioni, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Hakunilaumu. Aliuliza tu, brashi bado mkononi, kama nitatengeneza gari au ampigie Aron.

Nikasema nitatengeneza. Ampigie Aron! Kwa lipi?

Jumanne, 3 Juni

Siku ya utafiti. Dukani wateja wachache, nikaangalia video za Waaustralia wanaobadilisha springi jangwani. Wanaume wenye kaptula na ndevu. Wanajua mambo. Kufikia saa kumi nilikuwa najua kuliko fundi yeyote wa mkoa huu: shokapu za mafuta, za gesi, springi za mzigo mzito, na vipande vya kuweka juu ya springi ili gari lizidi kwenda juu.

Usiku nikamfafanulia Kristina kwa kutumia vijiko, ugali na bakuli la maharage. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama mama yake amehamia jangwani.

Nikamwambia mambo haya ni ya kitaalamu.

Jumatano, 4 Juni

Gereji kwa Miraji, Makambako. Miraji ni fundi mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Aliliminya gari kila kona, likainama na kuinuka, naye akawa anacheka peke yake. Kisha akauliza swali moja la kawaida: mzee wangu, hili gari hubeba nini kila siku?

Jibu la kweli ni hili: hunibeba mimi, chupa ya chai na boksi la sampuli za mbegu.

Lakini Aron alikuwepo. Amekuja kujaza upepo kwenye kigari chake kile cha chini, cha kuingia kama unaingia kitandani. Akaniuliza kama hili langu bado linacheza ngoma. Akasema nisijisumbue, kaka, Jumamosi mama atakaa kwake, kigari chake kimetulia kama mkeka.

Sasa mtu afanye nini? Nikamwambia Miraji kwamba hubeba mbolea. Magunia. Saruji wakati mwingine. Na kwamba huwa nashuka nalo Ludewa mpaka Mchuchuma kwenye barabara za mawe. Mchuchuma nimekwenda mara moja, kwenye msiba, kwa gari la mtu mwingine.

Miraji alinitazama. Akauliza tena. Akasema kama ni kubeba watu tu, ataweka springi laini kama za mwanzo, na shokapu mpya, nami nitasahau kwamba kuna matuta duniani. Kama ni mzigo, basi ni zile ngumu. Nikasema mzigo. Akauliza mara ya tatu, akiwa ananiangalia mimi na Aron kwa zamu.

Mzigo. Na alinyanyue juu.

Aron akainamia matairi yake. Ushindi.

Alhamisi, 5 Juni

Limekamilika! Limesimama juu ya matairi kama mtu aliyepandishwa cheo. Nikiwa ndani naonana na madereva wa malori macho kwa macho. Mmoja alinipungia.

Kurudi Njombe. Niandike bila chuki. Zamani gari lilikuwa linakubaliana na kila tuta. Sasa linabishana. Kila kokoto linaleta taarifa yake peke yake, moja kwa moja mpaka kwenye meno. Chupa ya chai ilifunguka yenyewe. Kofia yangu iligonga paa mara nyingi, nami nikiwa ndani yake.

Nikampeleka Kristina sokoni alionje. Kupanda ilikuwa shughuli. Alishika mlango, akashika kiti, mimi nikamsukuma kwa nyuma. Ni mke wangu, inaruhusiwa. Tulipofika kona ya kwanza alikuwa ameshika shingo yake kwa mikono miwili. Nikamweleza kwamba springi mpya lazima zizoee. Akauliza zitazoea kabla ya Jumamosi au baada ya mazishi.

Nikampigia Miraji kwa siri, nikiwa chooni. Akasema, "Mzee wangu, hizo zinataka mzigo. Weka ule mzigo wako uliosema." Nikamuuliza kama anaweza kurudisha za zamani. Kesho amejaa, keshokutwa ni Idi, Jumapili wanaendelea kula. Nije Jumatatu.

Ijumaa, 6 Juni

Usingizi haukuja, lakini akili ilikuja. Wanataka mzigo? Watapata mzigo!

Nimenunua viazi. Magunia ya lumbesa, yale yanayojazwa mpaka yanaota kichwa cha pili. Nikalaza kiti cha nyuma, tukapakia. Gari likashuka taratibu, likatulia. Nikalizungusha mjini. Ajabu! Linaelea. Nilivuka tuta bila kujua mpaka nilipoliona kwenye kioo. Waaustralia ni watu wa kweli.

Nikamwita Kristina nje aone. Akazunguka gari. Akauliza mama atakaa wapi.

Nikasema mbele.

Tukatazamana. Mkwe na mama mkwe, bega kwa bega, kutoka Tandala mpaka Njombe? Mimi ambaye hata mkono simpi, humsalimia nimechuchumaa, kwa mbali, nikiangalia majani? Ukoo wao ungezungumza mpaka wajukuu wazeeke. Na Kristina hajui kuendesha.

Basi nikashusha magunia mawili na kuinua nusu ya kiti cha nyuma. Mama atakaa nyuma kulia, viazi kushoto. Gari likarudi kuwa gumu kidogo. Kidogo tu. Kristina amechukua mito yote ya nyumba, hata wa kwangu. Naandika haya kichwa kikiwa juu ya koti.

Jumamosi, 7 Juni

Leo yametokea mengi. Nieleze kwa mpangilio.

Tulifika Tandala ukungu haujainuka. Aron na Oktavia walikuwa wameshafika! Wanakunywa chai! Mama mkwe alikuwa amejiandaa, kitenge kipya, blanketi begani, fimbo mkononi. Nikachuchumaa mbali, nikasalimia majani. Akaitikia vizuri. Kristina alikuwa amemwambia habari za springi, na mama akasema ataanza na gari la mkwe mkubwa. Haki yake ya kuzaliwa kwanza, mke wangu. Nilimtazama Aron. Akatazama kikombe.

Mama akaja mpaka kwenye mlango wa gari langu. Ukafunguliwa. Kiti kilikuwa usawa wa kifua chake.

Majirani wakasogea.

Kristina na Oktavia wakajaribu kumnyanyua, nyonga ikamuuma, wakaacha. Watoto wake wa kiume wako Mbeya. Majirani waliokuja ni akina mama na wazee wa umri wake. Wanaume wenye nguvu pale tulikuwa wawili, na wote ni wakwe. Kumgusa? Hapana. Tukasimama kando mimi na Aron, tukiangalia milima, ambayo kwa ukungu haikuonekana.

Hapo ndipo nikapata wazo. Ngazi! Viazi ninavyo. Nikaanza kushusha magunia niyapange, kubwa chini, dogo juu, mama apande kama anapanda madhabahuni. Nikashusha la kwanza. Nikashusha la pili. Nilikuwa natoka jasho, sikuangalia gari. Watu waliangalia. Kila gunia liliposhuka, gari lilipanda. Nilipomaliza ngazi, kiti kilikuwa usawa wa shingo yake.

Mama akaweka fimbo juu ya gunia la kwanza, viazi vikasogea ndani, akaiondoa. Akageuza uso pembeni, kama heshima inavyotaka, akasema bila hasira:

"Mkwe wangu, kila nikilikaribia, linaondoka."

Aron akafungua mlango wa kigari chake. Mama akageuka, akakaa, akaingiza miguu. Basi. Imekwisha. "Hiki kimenisubiri," akasema.

Kristina akahamisha mito, akaingia naye nyuma amshike. Oktavia mbele. Kabla ya kufunga mlango mke wangu aliniambia, kwa sauti yake ya kawaida kabisa, nikifika nyumbani nifunge chumba cha wageni, vumbi lisishike rangi.

Hilo liliniuma kuliko springi.

Nikapakia viazi peke yangu, nikawafuata mpaka nikawapita. Gari lilielea. Viazi vilisafiri kama wageni wa serikali.

Lakini kabla ya lami kuna kipande cha udongo, na malori ya mbao yamekichimba pande zote mbili, katikati pamebaki mgongo wa mawe. Gari langu liliupita bila kuujua. Nasema liliupita kwa sababu nililazimika kurudi nyuma. Kigari cha Aron kilikuwa kimelala juu yake kwa tumbo. Sauti niliisikia nikiwa mbele, kama sufuria inayoburuzwa. Chini kulikuwa kumepasuka, oili inateremka barabarani polepole.

Aron alilala chini akachungulia. Aliposimama shati jeupe lilikuwa na upande mmoja tu mweupe. Sikucheka. Ukungu ulinisaidia.

Tukasimama kujadiliana. Kumhamisha mama haiwezekani, kiti changu kiko mbinguni. Kusubiri fundi haiwezekani, ni Idi. Tulijadiliana mpaka mama akagonga kioo kwa fimbo. "Mimi nimeshakaa," akasema. "Fungeni kamba."

Nikaikunja kamba ya magunia mara tatu, nikafunga. Nikavuta. Kwa mzigo ule na springi zile, gari langu halikuhisi hata kama limefungwa kitu. Aron ameshika usukani kwa mikono miwili kama anayebatizwa. Mama nyuma, kwenye mito yetu. Tulikwenda mwendo wa harusi. Kwenye kila kijiji watu walitoka.

Njombe ipo kabla ya Makambako. Kamba ilikuwa imebaki nyuzi chache. Nikakata kona, nikaingia kwangu.

Usiku Aron alisema mama amekuja na gari lake. Nikamwambia gari lake limekuja na langu. Oktavia akatuambia tumuulize mwenyewe. Mama alijibu kutoka chumbani kwamba amesafiri vizuri, kwa sababu wakwe zake kila mmoja alikuwa na usukani wake na hawakupata nafasi ya kubishana.

Yuko kwenye chumba cha rangi ya maziwa. Kristina amempelekea chai ya tangawizi na hajatoka. Nawasikia wanacheka. Sijui wanamcheka nani.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Mama akataka kanisani. Kupanda hawezi, akaamua kutembea, si mbali. Mabinti wamemshika huku na huku. Nami nikawa nyuma yao na gari, polepole, nimebeba gunia la sadaka kwa ajili ya mnada baada ya ibada. Watu walidhani ni msafara wa mtu mkubwa. Wengine walisimama pembeni.

Kanisani Aron alikaa nyuma yangu. Aliimba kwa sauti kuliko siku zote.

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi Kristina alinifungia kitufe cha koti, jambo ambalo hafanyi. Akasema, "Baba Rejoice, mwisho wa mwezi mama anarudi Tandala kliniki. Nataka aondoke hapa na gari letu, na arudi hapa." Kisha akanikaririsha kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Nitakachomwambia Miraji ni hiki: gari hubeba mimi, chupa ya chai na boksi la mbegu. Springi laini. Chini kama mwanzo. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Nilirudia njia nzima, nikivuta kigari cha Aron, yeye ndani yake.

Miraji alikuwa anang'aa kwa sherehe. Akamtazama Aron, akatazama oili, akauliza kumetokea nini. Aron akasema kwa uchungu kwamba ameamua: kigari chake kinyanyuliwe juu. Kama cha kaka hapa. Hata zaidi ya cha kaka.

Zaidi.

Miraji akafuta mikono, akanigeukia. Akaniuliza tena: mzee wangu, sasa niambie ukweli, hili gari hubeba nini kila siku?

Nilikuwa nayo yote kichwani. Mimi, chupa ya chai, boksi la mbegu. Nilifungua mdomo. Aron alikuwa amesimama pale, anasikiliza.

Nikamwambia huvuta magari mengine.

Miraji akaliminya gari kona moja. Akasema kama ni hivyo, basi hizi alizofunga ni laini mno.