Mwaka wa Pilipili na Wezi Kumi na Mmoja

Jumapili, 8 Septemba

Nimeibiwa. Filamu yangu, Mwaka wa Pilipili, miaka sita ya maisha yangu, dakika mia moja na arobaini, iko kwenye tovuti ya kugawana mafaili bure. Imewekwa kati ya sinema ya papa wenye vichwa viwili na somo la kuziba choo kinachovuja. Mtu yeyote hapa mjini kwetu Sevlievo anaweza kuipakua akiwa amejilaza na soksi zake.

Nilikaa chini. Nikanywa maji. Nikaangalia idadi ya waliopakua, nijue ukubwa wa msiba.

Kumi na mmoja.

Somo la choo limepakuliwa mara elfu tisa. Sasa sijui niwashtaki watu wa mji huu kwa kuniibia au kwa kutoniibia.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimeitwa na Bi Tsonka, katibu wa ukumbi wetu wa utamaduni. Amenikumbusha masharti kana kwamba mimi ni mtoto. Jumamosi hii saa kumi na moja jioni naonyesha filamu. Wakifika watu sitini, Jumamosi zote hadi masika ni zangu. Wasipofika, zinakwenda kwa Rumen Kalchev na kikundi chake cha kucheza horo, ngoma ya kushikana mikono. Nikamwambia sanaa haihesabiwi kwa vichwa. Akasema viti vyake vinahesabiwa kwa vichwa.

Hili si jambo dogo. Matamasha thelathini na mawili yameikataa filamu yangu. Ukumbi huu ukinipita, ukiacha wezi, atakayekuwa ameiona ni Mama mdogo Dobra peke yake, na yeye ndiye mhusika mkuu. Anachoma pilipili tangu mwanzo hadi mwisho.

Tena ni Septemba. Mji mzima uko kwenye baraza unachoma pilipili hoho za kuweka akiba ya majira ya baridi. Nani ataacha zake aje kutazama za mwenzake? Hili sikulifikiria nilipochagua tarehe.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekutana na Rumen mkahawani. Anapiga video za harusi na bado anajiita mwenzangu. Nilimpa nakala ya filamu mwezi Juni ili ajione mdogo, akashukuru tu. Nikamweleza habari ya wizi. Akawa mwekundu, akasema labda si jambo baya. "Harusi zangu zote naziweka bure, kaka Stamen. Watu wanatazama, wanacheka, halafu wananiita. Mtu atakutafutaje kama hajui hata upo?"

Nikamwambia harusi si sanaa. Akakubali, akanimalizia banitsa yangu ya jibini. Hata kutukanika hajui.

Ila nimepata wazo. Mabango yangu ya rangi hakuna aliyeyasoma. Lakini ni karatasi gani ambayo kila mtu wa mji huu husimama kuisoma, mvua au jua, hata akiwa na mzigo? Tangazo la msiba! Matangazo hayo yako kwenye nguzo, kwenye milango, kwenye miti, na hakuna anayepita bila kuangalia ni zamu ya nani. Basi nitatangaza msiba wa filamu yangu. Ni kejeli ya hali ya juu.

Nimekwenda duka la mazishi nikampa mwenye duka maneno haya: "Kwa majonzi makubwa tunawajulisha kwamba Mwaka wa Pilipili, filamu ya Stamen Gochev, imetutoka mikononi mwa wezi. Njooni muiage Jumamosi saa kumi na moja ukumbini." Akasema karatasi zake lazima ziwe na picha, bila picha zinaonekana mbaya. Filamu haina uso. Nikampa picha yangu, ile nzuri, nikitazama mbali. Akaniangalia, akaangalia picha, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mimi ni msanii. Akasema pole.

Jumatano, 11 Septemba

Matangazo mia moja na hamsini yamebandikwa. Nimeshinda ndani nikiandika hotuba yangu ya kupokea sifa.

Simu haijaita hata mara moja. Wameguswa.

Alhamisi, 12 Septemba

Mama mdogo Dobra amekuja asubuhi, akafungua mlango kwa ufunguo wake, akanikuta nakula mtindi. Alipiga kelele, akanikumbatia, kisha akanizaba kofi. Alikuwa ameona tangazo kituo cha basi. Kasoma jina, kaona picha, na miwani hakuwa nayo.

Wala si yeye peke yake. Inavyoonekana mji mzima hauna miwani. Ukishaona uso na fremu nyeusi, nani anasoma maandishi madogo?

Nilitaka kwenda kuyabandua yote, naapa. Nikawasha kompyuta kwanza, mara moja tu. Waliopakua ni mia sita na arobaini! Chini wameandika maneno. Mmoja: "Apumzike. Nilikuwa namwona sokoni, sikujua." Mwingine: "Kumbe tulikuwa na mtu." Mwingine ameuliza kama sauti ni mbovu kwa makusudi.

Nimefikiri kwa utulivu. Nimekwisha kufa tangu jana. Nikibaki hivyo siku mbili zaidi, nani ataumia? Mama mdogo amesema yeye, lakini huyo hulalamika sana.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimejificha kwa Mama mdogo, barazani, nyuma ya shuka zilizoanikwa, nageuza pilipili. Kilo arobaini. Amesema maiti anayekula lazima afanye kazi.

Majirani wanakuja kutoa pole. Mama mdogo hajui kusema uongo. Jirani mmoja, Bi Raina, alimuuliza kama anajua niko wapi sasa. Akajibu kwamba niko mahali penye moto na moshi mwingi. Bi Raina alipiga ishara ya msalaba, akasema labda si kwa muda mrefu, sikuwa mbaya kiasi hicho. Mama mdogo akasema ni mpaka pilipili ziishe.

Waliopakua: elfu nne na mia mbili. Somo la choo liko jirani kabisa.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku yangu. Naiandika yote kabla haijapoa.

Niliingia kwa mlango wa nyuma nikasimama nyuma ya pazia. Ukumbi umejaa! Mia moja thelathini na wawili, wengine wamesimama. Kila mmoja na maua yake, manne au sita, hesabu shufwa, kama apewavyo marehemu kwetu. Ngano ya msiba, ya kuchemsha na sukari, ikazungushwa kwenye vikombe, wakaitazama filamu yangu wakiila kwa vijiko. Dakika mia moja na arobaini hakuna aliyetoka. Kwenye msiba hutoki.

Kisha Rumen akapanda jukwaani. Akasema kwamba ni yeye aliyeiweka filamu kwenye mtandao. Alisema ameitazama mara tatu, na kila ikifika pale mikono ya Mama Dobra inapomenya pilipili humkumbuka mama yake mzazi. Alitaka watu wajue nani anaishi nao. "Aliniambia ameibiwa, nami nikakaa kimya. Nilitaka kumwomba radhi leo hapa. Na sasa angalieni."

Watu walilia. Nami nililia, hasa aliposema nilikuwa mnyenyekevu.

Hapo nikatoka kwenye pazia. Nilidhani watapiga makofi.

Sitaandika maneno yote. Mzee Kolyo wa bucha alisema kama sijafa anaweza kunisaidia. Bi Raina alitaka ngano yake irudishwe. Rumen peke yake ndiye aliyenikumbatia, akanilowesha shati. Bi Tsonka alinikabidhi maua yake manne, akafikiri, akachomoa moja, akabaki nalo. Matatu ndiyo ya mtu aliye hai. Ndiyo heshima pekee niliyopata jioni ile.

Halafu akagonga meza. Akasema idadi imetimia, ila hawa wamekuja kwa maiti, si kwa filamu. Akauliza ni nani angekuja hata kama angejua niko hai. Mama mdogo akasema angekuja kama pilipili zingekuwa zimeisha.

Ndipo mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, huku na huku. Kumi na mmoja. Mwalimu mmoja wa kike akasimama akasema walikwisha kuipakua tangu mwanzo, kabla ya kifo, wakaipenda, na walikuwa wamepanga kuja kuiona kwenye skrini kubwa. Tena yeye alikuwa ameshawaambia walimu wenzake.

Kumi na mmoja! Wale wale. Wezi wangu, wamejitokeza wenyewe mbele ya mashahidi. Nilitoa kalamu nikaandika majina yao.

Bi Tsonka amenipa Jumamosi moja tu ya majaribio, 19 Oktoba. Nilete watu sitini nikiwa hai. La sivyo, horo.

Jumatatu, 16 Septemba

Rumen amekuja na tarator ya mama mkwe wake, supu baridi ya mtindi na matango, kwenye chupa. Anasema watu wa miji ya Gabrovo na Tarnovo wanaandika kule kwenye tovuti, wanauliza lini inaonyeshwa tena, wako tayari kuja kwa basi. Eti tuandike tu tarehe pale pale chini ya filamu, na ukumbi utajaa. "Mimi nitabeba viti, kaka. Na horo tutacheza Jumatano, hakuna neno."

Nimeinywa tarator. Kisha nimemwambia aiondoe filamu kabla ya saa sita mchana, ama nampeleka polisi pamoja na wale kumi na mmoja. Huwezi kujaza ukumbi kwa kugawa kitu bure. Aliichukua chupa yake tupu, akasema sawa. Ameiondoa.

Alhamisi, 26 Septemba

Siku kumi. Hakuna aliyeuliza chochote. Nilimpigia yule mwalimu, akasema sasa anaogopa hata kutaja jina la filamu. Ndivyo ninavyosema kila siku: wizi wa mtandaoni unatuua sisi wasanii huru. Umekwisha kuninyang'anya watazamaji wangu wote.

Lakini nimetulia, maana nimehesabu. Nilikufa Jumatano tarehe 11. Siku ya arobaini inaangukia Jumapili, 20 Oktoba, na kwetu kumbukumbu husogezwa hadi Jumamosi iliyotangulia. Yaani tarehe 19. Na siku ya arobaini kila familia hubandika tangazo jipya.

Nimetoka duka la mazishi sasa hivi. Mwenye duka ameuliza kama tutumie picha ile ile. Nimemwambia ile ile, ila kubwa zaidi.