Jiwe la Mstari Mweupe

Jumatatu, 7 Machi 1977
Nasimiyu, kama unasoma daftari hili, liweke chini, mjukuu mvivu wewe! Jumamosi wakwe zako wanatoka Mbale kuja kukutazama, sukari hakuna hata ya kulamba, nawe unasuka nywele. Nimeenda mwenyewe dukani kwa Faraj, hapa Walukuba. Foleni nzima ni mawe, kila jiwe limemshikia mtu nafasi. Langu nimelipiga mstari wa chokaa. Nikawatangazia waliokuwepo: hili ni mimi. Nikarudi kupika.

Jumanne, 8 Machi
Magoti yanauma. Nimetangaza upya: jiwe ni Nasimiyu. Eucabeth, jirani yangu, Mkenya mwenye mdomo, akauliza bibi wa jana amekuwaje msichana leo. Nikamwambia jiwe halina umri. Ni yule ninayemtaja. Ushindi!

Jumatano, 9 Machi
Asubuhi wakasema mafuta ya taa yanakuja. Jiwe likawa chupa yangu. Uongo mtupu, hayakuja! Mchana likawa Nasimiyu tena. Afande anayelinda foleni hakuuliza kitu. Hapa huulizwi mpaka ufike dirishani.

Alhamisi, 10 Machi
Eucabeth ana kipande cha sabuni! Na nguo yangu ya kupokelea wageni inanuka moshi. Tumebadilishana: sabuni kwangu, na jiwe liwe yeye. Nimelitangaza mwenyewe, kwa sauti. Kesho nitalirudisha liwe mimi. Mjinga yule!

Ijumaa, 11 Machi
Lori la sukari limekuja nikiwa nafua! Nimekimbia na povu mpaka viwikoni. Jiwe langu ndilo la kwanza dirishani! Faraj akauliza jiwe hili ni nani. Foleni yote ikajibu: Eucabeth! Nikapiga kelele kwamba Jumatatu lilikuwa mimi. Afande akacheka, eti mama mzee, Jumatatu imeshapita. Eucabeth kaondoka na kilo mbili. Mnyang'anyi!

Jumamosi, 12 Machi
Wageni wamefika. Chai kavu, bila sukari, iko tayari, mimi natazama sakafu. Mara Eucabeth huyo, na bakuli la sukari, hakuitwa na mtu! Akawatilia vijiko vitatu vitatu. Nanyama, shangazi wa kijana anayeposa, akamsifu mbele yangu, eti nyumba hii ina mama. Nasimiyu wamemkubali. Nami nikanywa vikombe viwili, kwa hasira.
Kosa langu nimeliona: jiwe moja halitoshi. Nasimiyu, najua unasoma. Jumatatu beba mawe matano, yapige chokaa yote, na la mbele kabisa liite Eucabeth, maana sukari yake tumeinywa; lakini mpaka nifike tu.