Majirani Wasiojua Maana ya Komeo

Kanamkemer, Lodwar
Agosti 1977

Kwa Bwana Chifu Lomenen,

Pokea heshima zangu, na za mke wangu Sellah pia, ingawa yeye amekataa kutia sahihi barua hii na namsikia akicheka huko nje ninapoiandika.

Mimi ni Elkana Opondo, karani wa visima, niliyehamishiwa hapa kutoka Kisumu mwezi wa Machi. Nyumba yangu unaijua. Ni ile ambayo watu wote hukaa mbele yake, na hilo ndilo lalamiko langu. Keshokutwa naenda Kakuma kwenye kisima kipya, kazi ya majuma kadhaa, na Sellah anabaki peke yake na ujauzito uliobakiza kama mwezi mmoja. Naogopa, Bwana Chifu, wala sioni haya kusema. Kule Kisumu wezi waliingia kwetu mchana tukiwa kanisani. Walibeba kila kitu, hata sufuria ya samaki iliyokuwa jikoni, wakatuachia mafiga yakiwa bado na moto. Siku hiyo niliapa kwamba mlango wangu utakuwa mlango kweli.

Basi nimechukua kila hadhari ambayo mtu mwenye akili timamu huchukua, na kila hadhari imeharibiwa na majirani, hasa Mama Nabei wa boma linalofuata na mumewe, Mzee Etabo. Nayataja makosa yao:

1. Mbwa. Nilimleta kwa lori kutoka Kitale, mbwa mkali wa kuogopwa. Alibweka siku chache tu. Nabei akasema mnyama huyu si mkali, ana njaa, akampa maziwa ya ngamia. Sasa mbwa analala kwao, na nikirudi kazini jioni ananibwekea mimi.

2. Makopo. Nilitundika makopo matupu kwenye kamba kuzunguka ua wote, ili mwizi akigusa yalie. Wasichana wa mtaa wamegundua kwamba yanalia vizuri. Jumamosi huja kuyatikisa na kucheza, na anayewapigia makofi ni mke wangu mwenyewe.

3. Taa. Mwizi huogopa mwanga, kwa hiyo nilitundika karabai barazani. Kama mwizi aliogopa sijui, maana asingepata hata nafasi ya kupita. Etabo alikuja na kigoda chake, wenzake wakaja na vyao, wakacheza bao na kubishana habari za mbuzi mpaka mafuta yakaisha. Wakaniomba niongeze mengine.

4. Komeo. Hapa naomba usome polepole. Nilimwagiza Sellah afunge mlango hata mchana. Mara Nabei huyo mlangoni na salamu yao ya Kiturkana: "Ejok? Nani mgonjwa hapa?" Kwa fikra zake, nyumba yenye watu haifungwi mchana ila kwa sababu ya ugonjwa. Sellah akamwambia hakuna mgonjwa. Nabei akaondoka akiamini kwamba mgonjwa ni mimi na kwamba nafichwa. Nikatia komeo la pili, wakaleta maziwa. Nikatia la tatu, wakaleta supu ya mbuzi. Nilipotia la nne, pamoja na chuma cha kukingama mlango mzima, walikuja na katekista. Waliniombea kwa sauti, kwa jina langu, nami nimo humo ndani chini ya mabati, mzima kabisa, natokwa jasho. Mwishoni nikajikuta nimesema "Amina". Wakashangilia kwamba mgonjwa amepata sauti.

5. Mfano mbaya. Nabei mwenyewe akienda kuteka maji huweka tawi la miiba mlangoni, basi. Nilimuuliza kama haogopi. Alisema kabla ya kuondoka huwaambia majirani wote anakwenda wapi na atarudi lini. Bwana Chifu, mwanamke huyu anatangaza mwenyewe kwamba hayupo nyumbani! Na hajawahi kupoteza hata kibuyu, jambo ambalo linanivunjia heshima.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo. Kwanza, itangazwe barazani kwamba mlango uliofungwa usiulizwe hali yake. Pili, jirani anayetaka kumhurumia mwenzake aombe kibali ofisini kwako kwanza, aeleze anahurumia nini na kwa muda gani. Tatu, kwa kuwa tangu Machi sijaona mwizi hata mmoja, na hadhari zangu zinaharibika kwa kukaa bure, naomba aagizwe mmoja kutoka nje ya wilaya, mwenye adabu, aje ajaribu mlango wangu kisha arudi kwao. Nikimwona ameshindwa nitakwenda Kakuma na moyo mweupe.

Nisalimie mama nyumbani, watoto, polisi wa utawala, katekista, na mzee Etabo ukimwona. Utamwona, yuko barazani kwangu.

Ni mimi, raia wako mtiifu, nikiwa ndani,
Elkana Opondo

N.B. Kakuma, majuma mawili baadaye.

Barua hii nilikuja nayo huku mfukoni, maana siku ya safari sikuwahi posta. Leo dereva wetu, Kiplagat, amefika kutoka Lodwar na habari. Juzi adhuhuri Sellah alishikwa na uchungu kabla ya wakati. Makomeo yote yalikuwa yamefungwa, kama nilivyomwagiza, naye hakuweza kuinuka wala kupaza sauti. Kule nilikotoka, mtu angeona mlango umefungwa akapita zake. Nabei aliuona akauliza nani mgonjwa. Alipokosa jibu, alimwita Etabo na wenzake, wakang'oa mlango pamoja na fremu, na mikono ya Nabei ndiyo iliyompokea binti yangu. Amenitumia maneno haya: "Ambia karani mlango imeharibika kabisa. Lakini mama iko sawa, mtoto iko sawa, mbwa pia iko sawa."

Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia mbele ya wachimba kisima wote.

Bwana Chifu, nayafuta malalamiko yangu, isipokuwa lile la mafuta. Nikirudi nitatia mlango mwepesi wenye komeo moja, la usiku, na nikisafiri nitawaambia majirani nakwenda wapi na nitarudi lini. Ila msimu huu upepo ni mwingi na vumbi si zuri kwa mtoto mchanga, kwa hiyo tutakuwa tunafunga na mchana. Tafadhali watangazie kwamba hakuna mgonjwa. Lakini waje tu.