Viroboto Maji na Lebo Mbili

Jumatatu, 3 Juni

Mkuu wa maabara katutangazia: nafasi ya kudumu ni moja, vibarua ni wawili. Mimi na Bi Taratibu (jina nimempa mimi, mwenyewe hajui). Kila mmoja kapewa chupa ya mayai ya viroboto maji, vile vidudu tunavyolishia vifaranga vya samaki. Mayai yalilala kwenye friji. Sasa yanataka mwanga na kuachwa. Atakayeangua wengi kufikia Ijumaa, kazi ni yake. Lazima niipate! Nimechoka kulala kwenye kochi la dada, na shemeji kila asubuhi ananiuliza kama nimekuja kutembea au nimehamia.

Jumanne, 4 Juni

Kimya. Nimechungulia, nimekoroga, nimetikisa. Nimeyaimbia hata. Wapi!

Bi Taratibu kaacha ndoo ya maji ya bomba wazi tangu jana, eti dawa ya maji iruke kwanza, maana inaua vidudu. Mtu mzima anasubiri ndoo! Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 5 Juni

Balaa! Alipokwenda kunywa chai nikaichungulia chupa yake. Mayai yamevimba, ndani naona vijicho vyeusi. Yangu yako vilevile, kama punje za pilipili manga. Mwenye macho haambiwi tazama. Nikabandua lebo zote mbili, yangu nikaibandika kwake, yake kwangu. Na sikuiba, mayai yote ni mali ya maabara.

Jioni nimemwambia shemeji aanze kutafuta mtu mwingine wa kumsema.

Alhamisi, 6 Juni

Wameanguliwa! Wanangu wanarukaruka majini, raha tupu. Tatizo ni maji, yana ukungu, na Mkuu anapenda usafi. Nikamwaga nusu, nikajaza ya bomba, yakang'aa. Nikawasogezea taa karibu wapate joto. Bi Taratibu akasema mdogo wangu, waache tu, watakua wenyewe. Wivu huo!

Ijumaa, 7 Juni

Msiba. Maji yangu yanang'aa kweli, na wanangu wote wamelala chini, wamekufa. Chupa yake, yaani ile yangu, imejaa watoto tele! Mkuu kampa mkono, kamkaribisha kwenye kazi ya kudumu. Nikafungua mdomo niseme wale ni wangu. Nikaufunga. Ningeanzia wapi?

Bi Taratibu kanipa pole, tena kaniombea kwa Mkuu nibaki kibarua mpaka mwisho wa mwezi. Nikamshukuru huku roho inaniuma. Shemeji hajaniuliza kitu leo, na hilo limeniuma zaidi.

Nimekaa nikafikiri sana, kosa nimeliona. Mayai yake yalikuwa dhaifu! Ya kwangu ndiyo yalikuwa mazima tangu mwanzo. Nimeomba chupa nyingine. Nimeshaijaza maji ya bomba, na safari hii nimeiwashia taa mbili.